Bibi Harusi Tuliyemzika Uani

Wifi yangu Minza,

Mwangaluka. Najua ungenikosoa hapo hapo, kwamba barua haianzi hivyo, kwanza mtu aeleze habari za ng'ombe na mvua. Haya. Ng'ombe hawajambo. Mvua imekuja kwa wakati wake, pamba imeota vizuri na magugu yameota vizuri zaidi. Kaka yako Masanja hajambo, anakohoa tu kile kikohozi chake cha kutafuta kuonewa huruma. Watoto wanakula na kuchafua nguo. Salamu zimekwisha, sasa niache niseme lililonileta.

Nilikukasirikia muda mrefu, Wifi. Uliondoka ukaniachia televisheni, deki, jenereta isiyokubali kuwaka mpaka ibembelezwe, na mama yako. Deki naiweza. Jenereta ina Kondo wa kuibembeleza. Lakini mama yako nilikuwa naona anatutoka huku anapumua, na wewe uliyekuwa na jibu la kila kitu hukuwepo wa kuniambia nifanye nini.

Sasa hasira zimepungua, ndiyo maana naandika. Chumba cha video kimefunguliwa. Nataka uipate habari hiyo kutoka kwangu, maana siku Masanja akikufuata huko atakuhadithia kwamba wazo lilikuwa lake, na ukweli ni kwamba yeye ndiye aliyepinga kuliko wote.

Unakumbuka nilivyokuja hapa Bariadi nikiwa bibi harusi kutoka Lamadi? Uliniita mla dagaa mbele ya wageni, ukasema ugali wangu una mabonge ya kutosha kupanda shamba. Shangazi yangu alikuwa amenionya kuhusu mawifi, nikameza mate nikanyamaza. Halafu ndoa yako ya Mwanhuzi ikavunjika, ng'ombe wa mahari wakarudishwa, ukawa unashinda chumba cha uani hutaki kuonana na mtu. Mtu wa kwanza uliyemfungulia mlango nilikuwa mimi, na neno la kwanza ulilosema ni kwamba kanga yangu na blauzi yangu vinagombana. Hapo nikaelewa. Watu usiowapenda ulikuwa unawaamkia kwa adabu.

Ule ndio ulikuwa msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Tulizoea ushirika, unapeleka pamba yako, unapewa karatasi, unasubiri hela mpaka unasahau ulilima nini. Ghafla malori yakajaa, kila mnunuzi na mzani wake na turubai lake, hela mkononi. Watu walipagawa. Masanja alinunua redio kubwa na viatu vya mtumba vinavyombana mpaka leo na hataki kukubali. Wewe ulipanda basi kwenda Mwanza na hela ya shamba lako, ukarudi na televisheni umeifunga kwenye blanketi, umeipakata safari nzima kama mtoto mgonjwa. Mama yako akauliza ni nini hicho. Ukamjibu, "Mayu, hili ni shamba lisilotaka palizi." Mayu hakucheka. Alisema shamba lisilotaka palizi halioti kitu, akaenda zake kukamua ng'ombe.

Hakuwahi kuingia kwenye chumba kile tangu siku hiyo. Tulikuwa tunaonyesha video, yeye anapita nje na ndoo yake akiangalia mbele tu, na ukimuuliza anasema hana muda wa kutazama vivuli vya watu.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya pamba, na hata tulipoisafisha bado ilinukia pamba. Tukaziba madirisha kwa magunia, tukatandika magunia mengine chini. Siku za kazi zilikuwa za wanaume, wao na ngumi zao na risasi zao. Jumamosi mchana, watu wakitoka mnadani, ilikuwa ya wanawake, na wanawake walitaka za Kihindi. Kondo anawasha jenereta kule nyuma, mimi napangusa kichwa cha deki, wewe unasimama pembeni ya kioo na fimbo yako unatafsiri kwa Kisukuma. Hukujua neno hata moja la Kihindi. Tulijua sote kwamba hujui, na hakuna aliyejali. Siku nilipokuuliza maneno unayatoa wapi uliniambia uso wa mtu anayelia hauhitaji mkalimani.

Nataka nikumbuke ile siku ya bibi harusi. Najua uliipenda.

Ilikuwa ile kanda ya binti aliyeolewa mbali na kwao, akafa bado ana hina mikononi. Hata sababu ya kufa hatukuielewa vizuri, wewe ulisema ni homa, wengine wakasema ni mama mkwe. Watu walianza kulia binti akiwa bado hajaugua, kwa namna tu muziki ulivyokwenda. Halafu akafa. Halafu wakambeba, wakampanga kwenye kuni, wakawasha moto.  Ulisahau kutafsiri, Wifi. Fimbo ilikuwa imeelekea chini na machozi yanakutoka. Kanda ilikwisha, wanawake wakatoka mmoja mmoja bila kuagana, wengine wameacha hata vikapu vyao vya sokoni.

Jumapili kanisani nyimbo hazikupanda. Jumatatu, na ilikuwa wakati wa palizi kama sasa, hakuna mwanamke wa mtaa wetu aliyeonekana shambani. Huyu anasema kichwa kizito, yule anasema miguu haina nguvu, mwingine amelala amegeukia ukutani. Hata mimi nilikaa jikoni nikiangalia sufuria. Wanaume walikuja juu. Masanja alisimama katikati ya uwanja akifoka kwamba tunamlilia mtu aliyelipwa ili afe na saa hizi anakula wali kwao.

Aliyejua tulichougua alikuwa Ng'wana Shija, yule bibi jirani yetu wa mgongo uliopinda. Alikuja na mkongojo wake, akakwambia bila kukaa, "Minza, umetuonyesha maiti hujatuonyesha kaburi. Sasa jembe tutaliingizaje ardhini?"

Nilicheka, mimi mtoto wa ziwani. Wewe hukucheka. Kwetu hapa maiti akiwa hajazikwa hakuna anayeshika jembe, hiyo kila mtu anaijua. Na huyu binti tulikuwa tumemwona akifa, tumemlilia, halafu tumeachwa na moshi. Miili yetu ilikuwa inasubiri mazishi, hata kama akili ilijua ni mchezo. Ukamwangalia yule bibi, ukafunga kanga kiunoni, ukasema, "Basi tumzike."

Tukamzika uani, Wifi, karibu na kichanja cha vyombo. Hakukuwa na cha kuzika, ukachimba kishimo kwa jembe la mkono, kila mwanamke akapita akatupia udongo wake kiganja kimoja. Ndipo Kondo akatokea nyuma ya jenereta. Yule bwana tangu aje na lori la pamba na kuoa hapa alikuwa anasubiri tu Msukuma afiwe apate kazi, maana Mzaramo ni mtani wetu, na msiba wa Kisukuma bila mtani ni kama mboga bila chumvi. Akajilaza juu ya kishimo na mafuta yake ya mashine, amejizungushia turubai kama sari, akasema yeye ndiye marehemu, hafukiwi mpaka alipwe kuku, na mahari yake wale Wahindi hawajamaliza. Akataka kujua ni nani kati yetu atakayekwenda kuwadai. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ng'wana Shija alimpiga kwa mkongojo huku machozi ya kicheko yakimtoka. Tukanawa mikono, tukala michembe ya viazi na karanga, na wewe ukasimama ukasema, "Haya, tumemaliza. Kesho kila mtu na jembe lake."

Kesho yake watu walilima.

Kuanzia hapo kila kanda ya kuliza iliishia uani. Ikiwa ina mtu wa kuzikwa tunamzika, ikiwa ni ya mtoto aliyepotea tunamuita jina lake mpaka sauti zinatukauka, Kondo anajibu kutoka chooni kwamba yuko huku, asisumbuliwe. Wanawake wakaanza kutembea kutoka Migato siku ya Jumamosi. Wenye video wengine walikuwa na vioo vikubwa kuliko chetu na viti vya kuegemea, na watu wakipita huko bado walikuja kwetu. Walisema kwingine unalizwa ukaachwa, kwa Minza unalizwa ukarudishwa. Nilikuwa najivunia ukaribu wangu na wewe siku zile. Sikukwambia. Mawifi hawaambiani mambo hayo.

Halafu ukaugua.

Sitaki kuandika mengi hapo. Ilikuwa haraka. Masanja alikupeleka Mwanza kwa gari la kuomba, na Mayu akafuata siku iliyofuata kwa basi, amebeba kanga safi na chupa ya uji. Alipofika hospitali walimpeleka moja kwa moja kwenye jeneza. Ulikuwa umeshaogeshwa, umeshavalishwa, na wanawake wa huko wasiokujua walikufanyia vyema kabisa, Mungu awabariki. Wakampa mfuko wa nguo ulizokwenda nazo. Aliupokea, akasema "wabeja," akapanda lori pamoja na wewe kurudi nyumbani.

Wahenga wamesema kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Mayu hakuanza. Alikaa kwenye mkeka, macho makavu, mfuko ameuweka mapajani. Tuliobaki tukawa tunalia kwa chini chini kama watu wanaoiba. Tukategemea Kondo. Alikuja amejiandaa, amevaa gunia, amebeba ile fimbo yako ya kutafsiria ili akuigize. Akasimama mbele ya watu. Akafungua mdomo. Wifi, yule mtu aliyezika mabibi harusi wangapi sijui uani kwetu alilia kama mtoto, akaitupa fimbo, wakamtoa wamemshika mabega. Watu waliona aibu kwa ajili yake. Siku za tanga zikaisha, likaanuliwa kwa sababu siku zimeisha, watu wakarudi makwao na mizigo yao ile ile.

Mayu akabaki hivyo. Hakukataa chakula, alikula matonge mawili na kushukuru. Hakukataa salamu, aliitikia "mhola" na kuangalia kando. Shambani hakwenda. Ng'ombe aliyempenda alizaa ndama wa kike na hakwenda kumwona. Ule mfuko ulikuwa kichwani pa kitanda chake, umefungwa kama ulivyofungwa hospitali, na siku nilipotaka kuusogeza nifagie aliniangalia mpaka nikauacha. Zahanati walimpima wakasema hana ugonjwa. Mwinjilisti alikuja akaomba mpaka jasho likamtoka. Mayu aliitikia amina, akaendelea kukonda. Nilikuwa naogopa, Minza. Mama yangu mwenyewe alikufa nikiwa mdogo. Mayu ndiye aliyenifundisha kukamua na kuzaa, na niliona kabisa kwamba mvua zijazo hatutakuwa naye.

Chumba cha video nacho kilikuwa kimefungwa. Masanja alitaka kuweka humo mabomba na dawa za pamba. Sikumkatalia, nilipoteza tu ufunguo kila alipouhitaji.

Mjini huku mambo yamebadilika upesi, ungeshangaa. Baa ya karibu na stendi imeweka dishi, linakamata stesheni nyingi. Wenye uwezo wamenunua televisheni zao. Sasa kuna hizi tamthilia, kila jioni kipande kimoja, na kila kipande kinaishia mahali pabaya. Mtu ameshika kisu, tutaonana kesho. Mama amepata barua, tutaonana kesho. Na kesho hawamalizi, wanaongeza maiti mwingine juu ya yule wa jana. Wanawake wakawa wanakutana nami kisimani na macho mekundu, wananiambia hawalali, kifua kinawabana, hata hamu ya kumwongelesha mume hawana. Mmoja akaniambia kitu sikukisahau. Alisema, "Zamani nilikuwa nachoka kwa kulia. Siku hizi nachoka kabla sijalia."

Nikamkumbuka Mayu. Huo ndio uchovu aliokuwa nao. Msiba wetu wenyewe tulikuwa tumeukatiza mahali pabaya, tukazima, tukaenda kulala.

Nikamwambia Masanja kwamba Jumamosi nafungua chumba na nitaweka ile kanda ya bibi harusi, na nitamkalisha mama yake mbele. Akaacha kula. Akaniuliza kama nataka kumuua. Akasema mtu aliyefiwa na binti unamwonyeshaje binti anayekufa, huo ni uchawi au ni wazimu.  Nikamwambia kama ni wazimu, dada yake ndiye aliyenifundisha. Akatoka nje, nikamsikia anakohoa, na mara hiyo hakikuwa kikohozi cha kutafuta huruma.

Kondo alikuwa mgumu zaidi. Alikubali kuwasha jenereta ila akasema uani asihesabiwe, utani ulimtoka ukaenda kaburini na wewe. Nikamwambia jenereta inatosha.

Mayu sikumdanganya. Nilimwendea Jumamosi mchana nikapiga goti, nikamwambia, "Mayu, nataka kuingia chumba cha Minza, naogopa kuingia peke yangu. Nisindikize." Ilikuwa kweli tupu.  Akainuka. Tangu lini mama yako akaacha mtu anayeogopa asimame mlangoni? Akaniambia nitangulie na taa, nikamwambia ni mchana, akasema humo ndani mmeziba madirisha.

Wanawake walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Nikamkalisha kwenye gunia la mbele. Nikaweka kanda, nikasimama pale ulipokuwa unasimama. Nilitafsiri vibaya, Wifi, ungenicheka. Nilichanganya shemeji na mchumba, watu wakanirekebisha. Mayu aliangalia kioo kama anavyoangalia mawingu asiyoyaamini. Binti akaolewa. Binti akaugua. Nikaanza kujuta, nikawa natafuta kitufe cha kuzimia kwa kidole.

Unakumbuka kwamba katika kanda ile mama wa binti anasafiri kumfuata? Zamani hatukumjali sana, tulikuwa tunamlilia binti. Anashuka kwenye gari moshi na kifurushi mkononi, anauliza njia, anakimbia, anafika, anakuta moshi. Anasimama na kifurushi chake.

Mayu alisimama naye. Nilidhani anatoka. Akatembea mpaka kwenye kioo, akachuchumaa karibu kabisa, mwanga wa kioo ukimpiga usoni, akamwambia yule mwanamke kwa Kisukuma, taratibu, kama unavyomwambia jirani kwenye mkeka, "Pole, mwenzangu. Hata mimi nilikuta wameshamwogesha. Nilikuwa nimekuja na kanga."

Halafu akalia.

Sijawahi kusikia kilio kama kile na sitaki kukieleza. Alikianza yeye, wa mbali tukaingia. Chumba kizima, Wifi, na wa nje waliokosa nafasi, na nikasikia mlio wa jenereta unafifia kisha unakufa, maana aliyekuwa akiilinda alikuwa amekaa chini kando yake, naye analia. Tulikulilia wewe. Kwa mara ya kwanza tulikulilia kwa sauti.

Tulipotoka uani hakuna aliyejua la kufanya. Nilishika jembe la mkono nikaona aibu kuchimba kishimo mbele ya Mayu. Yeye ndiye aliyetazama huku na huku, akauliza yuko wapi Mzaramo. Kondo akasukumwa mbele, macho yamevimba. Mayu akamkagua kutoka juu mpaka chini. "Siku ile ulilia kwenye msiba wangu," akamwambia. "Wewe ni ndugu yangu? Ulilipia ng'ombe gani? Kazi yako hukuifanya na ubwabwa wangu ulikula."

Kondo alisimama kama aliyemwagiwa maji. Halafu taratibu akachukua ufagio uliokuwa umeegemea ukuta, akanyoosha mgongo, akatoa kidevu mbele vile ulivyokuwa unakitoa, akaanza kututafsiria Mayu. Kila Mayu alichosema kwa Kisukuma, yeye akakitafsiri kwa Kisukuma hicho hicho na kukiharibu, kwa sauti yako, akinyoosha ufagio kuelekea usoni kwa mkwe wangu. Mayu akisema nyamaza, yeye anatangaza, "Anasema ananipenda, ila mama mkwe hataki." Ulikuwa wewe mtupu. Nilihisi uko pale. Na mama yako akacheka, Minza. Alicheka ameshika ubavu, machozi bado yanamshuka, akasema, "Ndiye huyo, ndiye huyo mtoto, alikuwa ananisumbua hivyo hivyo."

Alipomaliza kucheka aliomba beseni na sabuni. Nikaleta. Akaingia ndani akatoka na mfuko. Aliufungua mbele yetu wote, akatoa lile gauni la kijani, kanga mbili, leso ya kichwani, akazifua moja moja, taratibu, kwenye kola, kwenye mikono, kwenye pindo. Niliinama kumsaidia akanisukuma kwa kiwiko. Wanawake walikaa chini kumzunguka mpaka alipomaliza kuzianika. Maji ya mwisho aliyamwaga mwenyewe nyuma ya zizi. Kisha akanawa, akauliza kama katika nyumba hii wageni hawali siku hizi. Tukala michembe. Nilikuwa namwangalia kwa jicho la pembeni akimega na kutafuna, na nilimshukuru Mungu na nilikushukuru wewe.

Jumatatu nilipofika shambani nilimkuta ametangulia, yuko katikati ya mstari, kanga imemloa umande. Hakunisalimu. Aliniambia magugu ya upande wangu ni aibu kwa ukoo.

Basi ndivyo tulivyo sasa. Kila Jumamosi tunafungua. Kanda za kuliza bado zinapendwa kuliko zote, na wenye televisheni zao nyumbani nao wanakuja, maana tamthilia zao haziziki mtu. Wanakuja na maiti zao za wiki nzima, fulani kapigwa risasi Jumanne, fulani kazama Alhamisi, tunawazika wote kwa pamoja uani na Kondo anadai kuku wa kila mmoja. Mayu ndiye anayefunga shughuli. Anasimama pale ulipokuwa unasimama na kuwaambia watu waende wakapumzike, kesho kanisani, keshokutwa jembe. Masanja ameniachia ufunguo. Anasema wazo lilikuwa lake, kama nilivyokwambia.

Mwinjilisti aliniuliza juzi kwa upole kwa nini watu walipe ili walizwe, dunia ina machozi ya bure ya kutosha. Nilimwambia ya bure ndiyo magumu kuanza. Alifikiri, akasema Jumamosi atamleta mke wake, hajawa sawa tangu mimba iharibike.

Mimi bado nakukasirikia kidogo, siku nyingine asubuhi nikiingia jikoni na hakuna wa kunisema. Nimekukumbuka kuliko ninavyoweza kuandika. Sikuwahi kukwambia nakupenda kwa sababu ungenitangaza mtaa mzima. Sasa nakwambia, tangaza huko uliko.

Pumzika, Wifi. Mama yako usimwogopee, niko naye. Nakuahidi hakuna mtu atakayelizwa kwenye chumba chako akaachwa arudi nyumbani peke yake na moshi. Kesho ni Jumamosi. Nilimuuliza Mayu tuweke ipi, nikamtajia ile ya vichekesho ili moyo wake upumzike. Amekataa. Amesema anataka ya kuliza.

Wifi yako,
Mla dagaa